Funda moja moja chini ya mbalamwezi

Kigoma ukitaka kujua ni lini marafiki zako wa ziwani watapatikana, hupigi simu, unatazama juu. Usiku wa giza ziwa linawaka taa mpaka alfajiri, na mgeni anaweza kudhani kuna mji mwingine huko majini. Dagaa wanafuata mwanga, wavu unawangoja. Mwezi ukishapevuka, taa ya mvuvi haina nguvu tena. Dagaa watajikusanya vipi kwenye taa moja na ziwa zima limemulikwa? Basi mitumbwi inavutwa mchangani, nyavu zinashonwa, na watu wanalala majumbani mwao kama watu wengine. Kwa siku hizo chache mitaa ya wavuvi ya Katonga na Kibirizi inakuwa na vicheko vya usiku ambavyo huvisikii siku nyingine za mwezi.

Siku hizo ndizo zetu. Tuko sita: fundi wa injini za boti, dada anayesafirisha dagaa kwenda Tabora na Dar es Salaam, mwalimu wa kemia, binamu yangu, jirani yetu wa Ujiji ambaye hajaonja pombe tangu azaliwe, na mimi. Tunakutana uani kwa fundi, mahali ambapo ukikaa unaliona jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, na ukigeuza shingo unauona mwezi ukichomoza juu ya vilima vyetu. Kuna meza ya plastiki, mikeka miwili, ndoo yenye vipande vya barafu, sinia la dagaa wa kukaanga, na migebuka inapinduliwa jikoni. Hapo hatunywi tu. Tunacheza.

Watu wengi wanachukulia mchezo wa kunywa kuwa ni mbinu ya kumlewesha mwenzio haraka. Kwetu sasa unafanya kazi ya kinyume, na ninaandika hivi kwa sababu haikuwa hivyo tangu mwanzo.

Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kwa miezi 3, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, kwa watu wa kazi hiyo kila usiku ulikuwa kama mbalamwezi. Muda ulikuwa mwingi, fedha kidogo, na mawazo mengi. Usiku mmoja binamu yangu alikuja na karata na mchezo aliojifunza chuoni. Unachezwa nchi nyingi duniani: karata zinatandazwa duara kuzunguka kikombe kitupu, kila mtu anavuta moja kwa zamu, na kila karata ina amri yake. Anayevuta kingi anamimina sehemu ya kinywaji chake kwenye kikombe cha katikati. Kingi ziko nne. Anayevuta ya nne anakunywa kikombe chote.

Wenye bia walimimina bia. Fundi alikuwa na pombe kali, akamimina hiyo. Kingi ya nne ikamwangukia binamu mwenyewe, aliyeleta mchezo.

"Maliza! Maliza! Maliza!"

Na sauti yangu ilikuwamo. Akamaliza, akakigeuza kikombe juu chini tuone, tukampigia makofi. Aliendelea kucheza vizuri tu kwa karibu nusu saa. Hilo ndilo nilikuwa silijui: pombe iliyogidwa kwa mkupuo inaendelea kupanda kwenye damu baada ya kikombe kuwa kitupu, kwa nusu saa, kwa saa nzima, hata zaidi. Mtu unayemwona mzima sasa hivi, safari yake ndiyo kwanza inaanza. Binamu akajilaza mkekani. Tukasema mwacheni alale.

Aliyekuwa macho ni jirani wa Ujiji. Alikuwa ameacha karata zake, ameinamisha sikio. "Njooni mmsikilize huyu anavyopumua," akasema, na namna alivyosema ilitunyamazisha wote. Pumzi moja, kisha kimya. Ukahesabu moja, mbili, tatu, mpaka kumi, ndipo inakuja nyingine yenye mkoromo. Mikono yake ilikuwa baridi. Tulimwita, tukamfinya, tukamtikisa, hakuitika. Jirani akamlaza ubavu, goti la juu akalileta mbele, shavu akaliegemeza kwenye kiganja. Hazikupita dakika 2 akatapika bila kufumbua macho. Angekuwa chali, yale yote yangeweza kuingia kwenye mapafu. Tulipata bajaji, tukambeba, na alfajiri akaamka ana dripu mkononi, hakumbuki hata kingi ya nne.

Nimeyaeleza kirefu kwa sababu ishara zile sasa nazijua kwa moyo na natamani kila anayekaa mezani azijue. Mtu haamki hata ukimfinya; anapumua chini ya mara 8 kwa dakika, au anakaa sekunde 10 bila pumzi; ngozi ya baridi, midomo na kucha vinageuka rangi. Huyo halali, anakufa polepole. Mlaze ubavu, usimwache peke yake, mpeleke hospitali. Kahawa haimsaidii, maji baridi ya kumwagia hayamsaidii, na kumtembeza uani ni hatari.

Hatukukutana tena mpaka Septemba. Tulipokutana, mwalimu alikuja na daftari, na hesabu aliyotuandikia ndiyo iliyobadilisha meza yetu. Chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25 za pombe yenyewe, yaani karibu gramu 20. Ini la mtu mzima linaondoa gramu 7 hadi 10 hivi kwa saa. Kwa hiyo bia moja ni kazi ya ini ya saa 2, au inakaribia saa 3, na ini halina haraka: halisikii supu, halisikii kuoga, halisikii kwamba kesho ni Jumatatu. Kwa sisi wanawake hesabu inabana zaidi, maana mwili wetu una maji kidogo ya kuizimua.

Mimi nikaenda nyumbani nikapima funda langu kwa kile kikombe kidogo cha dawa ya kikohozi ya watoto. Lilitoka mililita 25, mara zingine pungufu kidogo. Chupa moja, mafunda 20. Ukiyagawa kwa saa 2, ni funda moja kila dakika 6.

Hapo ndipo tulipopata kipimo. Mchezo mzuri ni ule ambao mtu akikosea sana, kwa bahati mbaya kuliko wote, bado havuki funda moja kila dakika 6. Ukivuka hapo, si mchezo tena, ni kusukumana kwenda shimoni. Adhabu yetu ni funda, si glasi, si chupa, na tarumbeta, yaani kuimaliza chupa kwa mkupuo, tumeipiga marufuku. Pombe kali haiingii kwenye mchezo hata kidogo, kwa sababu ya asilimia 35 ina nguvu mara 7 ya bia, na funda lake moja ni mafunda 7. Pombe ya ndizi naipenda na nimekua nikiiona kwenye harusi na misiba, ila haina lebo; ya leo si ya juzi, na huwezi kuweka hesabu juu ya kitu usichokijua nguvu. Inanywewa baada ya mchezo, kwa kikombe, kwa heshima yake. Gongo hailetwi. Ni haramu kisheria, na inaweza kuwa na methanoli, inayopofusha macho na kuua.

Na refa ni jirani wa Ujiji. Si kwamba anakaa pembeni akitulinda. Anacheza kila mchezo, na akikosea anapiga funda la soda ya tangawizi, ile kali inayopanda puani mpaka machozi yanamtoka. Ujiji ni mji wa Waislamu wengi, na ukisema kwamba asiyekunywa hana mahali kwenye meza yako, umejikatia nusu ya marafiki. Mchezo ambao asiyekunywa anaonekana mzigo, mimi siuchezi.

Sasa michezo yenyewe. Mfalme wake kwetu ni Saba. Mnakaa duara, mnahesabu kwa zamu, lakini namba yoyote yenye saba ndani yake, au inayogawanyika kwa saba, haitajwi. Badala yake unasema "dagaa". Sita, dagaa, nane. Kumi na tatu, dagaa, kumi na tano, kumi na sita, dagaa. Anayekosea anapiga funda na hesabu inaanza upya. Hauhitaji kitu chochote, hata meza. Ukiusikia unaona ni wa watoto, mpaka ufike ishirini na saba na ishirini na nane, ambazo zote mbili ni dagaa zikifuatana, na hapo ndipo watu wazima wenye shahada wanapoanguka.

Kwa miezi mingi hatukuvuka sitini na tatu. Kisha usiku mmoja wa mwaka jana tukavuka. Fundi alisema sitini na sita, nikasema dagaa, dada akasema sitini na nane, na mwalimu, kwa sauti ya chini kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala, akasema sitini na tisa. Sote tukatazamana. Kuanzia sabini hadi sabini na tisa kila namba ina saba. Ni dagaa kumi mfululizo. Hakuna anayetaja namba yoyote, kwa hiyo kila mmoja lazima ahesabu kimya kichwani, na kichwa kikiteleza mara moja tu hakuna pa kushika. Binamu: dagaa. Jirani: dagaa. Fundi: dagaa. Dagaa yangu ilitoka imekauka. Nikamwona dada ameingiza mkono chini ya kanga, vidole vinagusana kimoja kimoja na dole gumba, ile ile namna anavyohesabu ndoo za dagaa pale mwaloni wachuuzi wanapomzonga wakitaka asahau. Ikapita kwake, ikapita kwa mwalimu, ikazunguka tena. Ilipomrudia fundi mara ya pili nilikuwa nimeshapotea. Nilisema dagaa kwa sababu tu aliyenitangulia alisema dagaa. Dada akatoa mkono kwenye kanga, ameufunga ngumi, akauweka mezani. "Themanini."

Tulipiga kelele mpaka jirani wa nyumba ya pili akawasha taa. Na kwa muda wote huo, karibu robo saa, hakuna aliyekunywa hata funda moja. Bia ya mwalimu ilikuwa imepata joto kabisa, naye hakujali.

Mchezo wa pili hatukuuiga popote, tuliurithi. Nashangaa watu wanatafuta michezo ya kigeni mtandaoni na hali bibi zetu walishatuachia mchezo wenye zamu, wenye kushindwa na wenye adhabu. Kitendawili! Tega! Ukishindwa unatoa mji, na aliyetega anauzuru mji huo kwa maneno, anajisifu alivyopokelewa, ndipo anakupa jibu. Sisi tumeongeza kanuni mbili tu. Anayetoa mji anapiga funda. Na mji uliokwisha kutolewa usiku huo haurudiwi, tena lazima ufuate reli, maana Kigoma ni mwisho wa reli tangu 1914 na huwezi kwenda magharibi bila kuogelea. Unatoa Uvinza, mwenzio anakuja juu: "Nimefika Uvinza, nimepokelewa na magunia ya chumvi, nimeoga kwenye chumvi, nimelala juu ya chumvi, na wewe huku unakula mboga ya chukuchuku!" Kisha Malagarasi, Nguruka, Usinge, Kaliua, Urambo, Usoke. Tukifika Tabora mchezo umekwisha. Vituo 8, mafunda 8, na saa nzima imekwenda, kwa sababu kusifu mji kunachukua muda na watu wanashindana kusifu.

Vitendawili vya zamani vinaisha haraka, kila mtu anavijua, kwa hiyo tunatunga. Fundi alitega hiki: "Babu yangu alizama, akalala miaka minane, akaamka akaendelea na kazi." Tulihangaika na mamba, na mbegu, na nabii Yunus, tukampa Nguruka. Jibu lilikuwa limetia nanga kilomita chache kutoka tulipokaa: meli ya Liemba. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe, Waingereza wakaiinua 1924, na 1927 ikarudi kubeba abiria. Mwalimu anafundisha watoto wa mji huu kila siku na alisema hataki tena kuona darasa lake halijui hilo. Jumatatu yake akakitega darasani, bila funda.

Kutupa kisoda kwenye kikombe nitakupitisha haraka, kwa sababu kila anayekaa baa ameshakicheza: kikombe cha bati katikati, visoda vitatu kila mtu, anayekosa vyote anapiga funda. Ninachokipenda ni umri wake. Wagiriki wa kale, karne ya 5 kabla ya Kristo, walikuwa na mchezo ulioitwa kottabos, uliotokea Sisilia. Walijilaza kwenye makochi, wakaingiza kidole kwenye mkono wa kikombe, wakairusha divai iliyobaki chini ili ipige kisahani kilichosimamishwa juu ya nguzo nyembamba, kianguke kilie. Nikisikia kisoda kinagonga bati, nawakumbuka watu hao. Ule wa Wamarekani wa kurusha kimpira cha mezani kwenye glasi za wenzako tulijaribu mara moja. Kimpira kinaanguka mchangani palipoanikwa dagaa, kisha kinatua kwenye kinywaji cha mtu. Hatukurudia.

Wachina nao nawaheshimu zaidi. Mwaka 353 Wang Xizhi, mwandiko wake ukisifiwa mpaka leo, alikusanya watu 42 kando ya kijito karibu na Shaoxing. Vikombe vya pombe vilielea majini. Kikisimama mbele yako, unatunga shairi. Ukishindwa, unakunywa. Watu 26 walitunga, jumla mashairi 37, na 16 wakanywa adhabu yao. Tazama mpangilio wake: pombe ni ya aliyekosa maneno, na mwenye maneno anabaki na kichwa chake. Hivyo hivyo ndivyo kitendawili chetu kilivyo.

Ila kuna kasoro katika adhabu ya namna hiyo, na tuliigundua kwenye drafti. Drafti ya visoda unaijua, kumi na viwili vimelala chali na kumi na viwili vimefunikwa. Mwanzoni aliyeliwa kete ndiye aliyepiga funda. Matokeo yake binamu, akishaliwa tatu, anacheza vibaya zaidi, analiwa zaidi, anakunywa zaidi. Mnyonge anazidi kunyongwa. Dada ndiye aliyesema tuigeuze: anayekula ndiye anywe. Sasa ukiwa unaongoza ndiyo unalainika, mwenzio anabaki na akili kavu, na mchezo unakuwa mtamu hadi kete ya mwisho. Fundi, ambaye alikuwa hashikiki, ameanza kuacha kula kete za bure, anakaa anatafakari kama kweli anazitaka. Kama utaondoka na kitu kimoja cha kujaribu nyumbani kwako, ningependa kiwe hiki.

Kuhusu Sijawahi, ule wa mtu kusema jambo ambalo hajawahi kulifanya na waliolifanya wakapiga funda, nina moyo mzito. Ni rahisi, unachekesha, na unawafungua watu. Lakini mji wetu ni mdogo. Mtu alisema "sijawahi kupendana na mume wa mtu," na mwanamke mmoja aliyekuwa mgeni wetu akabaki na glasi mkononi, hajui aipandishe au aishushe, macho yote yakimwelekea. Hakurudi tena. Tangu hapo tunacheza wa safari na vyakula tu: sijawahi kufika Gombe, sijawahi kula nyama ya kuku kwa mawese. Fundi amezaliwa hapa, Gombe iko kaskazini tu mwa mji kwa boti, na ni yeye peke yake ambaye glasi yake haikupanda.

Mengine ni ya kawaida na hayajadiliwi. Chini ya miaka 18 hakai. Watu wanakula kwanza. Jagi la maji liko mezani. Baada ya mchezo hakuna anayeshika pikipiki wala boti, na ziwani haogi mtu, hata ajue kuogelea kama samaki.

Mbalamwezi iliyopita jirani wa Ujiji alitega kitendawili kimoja na kututoa jasho. "Ninaye rafiki hanywi wala hali. Jioni nikishuka ziwani ananifuata nyuma, usiku nikipanda nyumbani ananitangulia." Binamu akasema ni mbwa. Dada akasema ni wewe mwenyewe, maana ndiye asiyekunywa, na watu wakacheka, lakini halikuwa jibu. Tulimpa Uvinza, tukampa Malagarasi, tukafika Usoke bado hatujapata, naye akawa anasifu miji huku anakunywa tangawizi yake taratibu. Tabora alikataa kuipokea. Akasema twende na kitendawili chake nyumbani.

Tulitawanyika saa nane usiku. Mwezi ulikuwa umeshapita utosini, umeanza kuinamia upande wa Kongo. Nilikuwa napanda kilima na dada, viatu mkononi, ziwa nyuma yetu limenyamaza bila taa hata moja. Nikatazama chini nione pa kukanyaga, nikasimama. Mbele ya miguu yangu, kwenye vumbi jeupe, alikuwepo, amenitangulia hatua moja, naye kashika viatu mkononi.

"Dada," nikasema, "mpigie simu jirani."